Kabati la Fundi Kesho

Mume wangu ni seremala, na wateja wake wamempa jina la Fundi Kesho. Sina haja ya kueleza sababu. Nusu ya nyumba za mtaa huu zina kabati lililotoka mikononi mwake, lakini chumbani kwetu nguo zimening'inia kwenye misumari miaka kumi na tisa tangu tuhamie hapa, na zilizokosa msumari zikaishi kwenye masanduku chini ya kitanda. Mganga hajigangi, sawa, lakini mkewe je? Kila nilipouliza, jibu lilikuwa lile lile, mpaka nikachoka kuuliza.

Mimi ni fundi cherehani, nina duka langu dogo, na nyumbani tunaitana Fundi sisi kwa sisi. Nguo zangu hazirudishwi na mteja, kwa sababu najua kupima. Mtu akizungushiwa futi kiunoni hubana tumbo, awe mzee awe kijana, mwembamba au mnene. Wote wanadanganya, na sibishani nao. Nashika futi, namwambia "Pumua," nasubiri tumbo lirudi mahali pake, ndipo nasoma. Nguo ikikatwa kwa kipimo cha uongo itapasuka siku ya kwanza, na lawama zitamwangukia fundi.

Basi mwezi uliopita Fundi Kesho akaja na habari kwamba amebakiwa na mbao nzuri, na sasa atanijengea kabati la ukutani, kutoka pembe hadi pembe. Ningekuwa na raha zangu ningepiga vigelegele. Lakini wakati huo nilikuwa tayari na jambo langu, nalo ni bega la kulia.

Lilianza miezi mitano nyuma. Nikiinua mkono kupita kifua, maumivu yananikata mpaka kwenye kiwiko. Zahanati waliniambia bega limekakamaa, litachukua mwaka au zaidi, nifanye mazoezi niliyoelekezwa na nisilazimishe. Kukata na kushona sipati tabu, maana kazi yote iko mezani. Vitambaa vya rafu ya juu tu ndivyo vinanishinda, na hivyo nilikuwa namsubiri mteja mrefu aingie, kisha namwomba anishushie kana kwamba nimeona uvivu.

Sikumwambia mtu, na sababu ninayo. Mama mkwe alikuwa na meza ya mboga sokoni, na ulimi wake uliuza kuliko mboga zenyewe. Goti lilipomsumbua, wanawe walikaa kikao jioni moja, kwa mapenzi kabisa, na kesho yake meza ikawa ya mtu mwingine. Sasa anakaa kwa wifi yangu, anakula vizuri, analala mchana, na kila nikienda kumsalimia ananiuliza leo ni siku gani. Katika familia hii ukiugua unapumzishwa, na mimi sitaki kupumzishwa. Wakiniondolea cherehani, sijui nitaamka asubuhi kufanya nini.

Kwa hiyo Fundi Kesho alipochora kabati lake na kuandika kwamba bomba la kutundikia nguo litakaa sentimita mia mbili kutoka sakafuni, nilimwambia alishushe. Akauliza kwa nini. Nikasema alishushe tu. Akanieleza, kwa sauti anayotumia kwa wateja wabishi, kwamba chini ya bomba kutakuwa na safu tatu za droo na mahali pa viatu, na bomba likishuka mpango wote unaharibika. Nikamuuliza nani alimwambia nina viatu vya kujaza sehemu yote hiyo. Akasema watu siku hizi ndivyo wanavyotaka. Siku nne nzima tulizozana juu ya bomba, watu wazima sisi, hata chakula kikawa hakipiti.

"Umepima ukuta wote," nikamwambia siku ya nne. "Mimi hukunipima."

"Kwani umepungua urefu?"

Niliondoka, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu, kwa mkono wa kushoto. Nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe, na hasira ya namna hiyo huna pa kuipeleka.

Jumamosi akaanza kufunga mbao ukutani, na bila kuniuliza akamwita dada yake aje kunisaidia kupunguza nguo. Wifi yangu ni karani wa masjala, na tangu aajiriwe anaamini dunia nzima ni faili ambalo halijapangwa. Tunamwita Masjala, naye hujivunia. Alifika saa tatu asubuhi na mifuko mitatu mikubwa, kalamu ya wino mzito na karatasi za kubandika. Akachungulia chini ya kitanda, akanitazama kwa huruma ya uongo.

"Wifi yangu, wewe nguo huvai. Unazifuga."

Nilicheka kwa sababu wifi asipotaniwa na kutania ana kazi gani. Moyoni nilitamani arudi kwake. Aliandika kwenye mifuko: ZIBAKI, ZIGAWIWE, MATAMBARA. Sheria yake ilikuwa moja tu, kwamba nguo ambayo haijavaliwa kwa miezi sita inahama nyumba. Akakaa kitandani, akawa anainua nguo moja moja kama karani anayeita majina, na mimi nikawa hakimu. Ukutani Fundi Kesho alikuwa anatoboa kwa drili, vumbi likitua juu ya kila kitu tulichokwisha kukunja. Nilimwambia asubiri tumalize. Akasema anamalizia tundu moja. Yakawa matundu kumi na moja.

Blauzi ya maua, nikasema igawiwe. Sweta la kijivu la kuvalia kichwani, ligawiwe. Shati la vifungo, libaki. Sketi, ibaki. Gauni la bluu, ligawiwe. Nilikwenda haraka, nikitaka shughuli iishe, nikijisifu kimoyomoyo kwamba kwa mara ya kwanza Masjala hana la kunilaumu. Kisha akatoa gauni la kijani. Lile nilijishonea mwenyewe, usiku na mchana, kwa ajili ya harusi ya binti yetu, na hakuna mtu mle chumbani asiyejua ninavyolipenda.

"Ligawiwe," nikasema.

Masjala hakulitia mfukoni. Aliligeuza, akalitazama mgongoni. Akainama kwenye mfuko wa ZIGAWIWE, akatoa blauzi ya maua, akaigeuza. Akatoa gauni la bluu. Akatoa sweta. Halafu akavuta mfuko wa ZIBAKI na kuanza kupekua huko nako, taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilijifanya natafuta soksi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na sikuwahi kufikiri siku moja kitatafutwa humo na mtu wa masjala.

"Wifi," akasema, utani umemtoka. "Hizi unazogawa, zote zipu iko mgongoni au zinavaliwa kwa kichwa. Hizi unazobakiza, zote zinafungwa kwa mbele."

Nikamwambia ndiyo mitindo ya sasa. Akanipa gauni la kijani, akaniomba nilivae alione mara ya mwisho. Nikasema nimechoka. Akasema basi nichukue henga nilitundike kwenye bomba, kaka yake amekwisha kulifunga. Drili ilikuwa imenyamaza. Wote wawili wakawa wananitazama, na bomba liko kule juu linang'aa.

Nilijikaza kisabuni. Nilichukua henga kwa mkono wa kulia, nikainua. Ilifika usawa wa kidevu, bega likanishika, henga ikaanguka na gauni lake vumbini.

Hapo nilisema yote, kwa ukali, utafikiri wao ndio waliokosa. Nikataja zahanati, miezi mitano, rafu ya juu. Nikasema bega ni langu na duka ni langu. Masjala alikuwa analia na kukunja sweta kwa wakati mmoja. Akanikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikamkumbusha kwamba hakuna aliyekufa kwa bega. Akamgeukia kaka yake.

"Hili si la kuacha hivi hivi. Kesho tukutane wote, tuzungumze habari ya duka. Apumzike."

Neno lenyewe hilo. Nilisubiri mume wangu aitikie, maana kwa mama yao aliitikia. Nilimchukia kabla hajafungua mdomo.

Yeye alipanda kigoda, akalegeza skrubu za bomba zote mbili, akalitoa. Akashuka, akachomoa penseli sikioni, akanishika mkono wa kushoto na kunisimamisha mgongo ukutani, ndani ya kabati lisilo na milango, kama watoto wanavyopimwa kimo.

"Inua mkono wa kulia," akasema. "Mpaka unapofika."

Niliinua. Hasira ilinisaidia. Niliupandisha mpaka usawa wa sikio, jasho likinitoka, meno nimeyauma, nikaushikilia hapo hapo ili aandike aone kwamba si kitu. Penseli ilikuwa mkononi, karibu kabisa na ukuta. Hakuandika. Alinitazama tu, bila haraka, kwa subira ile ile iliyonitesa miaka kumi na tisa.

"Pumua, Fundi," akasema.

Nikapumua. Mkono ukaanza kushuka wenyewe. Ulipita kidevu, ukapita bega, ukatulia usawa wa kifua. Ndipo akachora mstari.

Niligeuka kuutazama. Sikuwahi kujua ni chini kiasi kile. Nilikuwa nikijiambia ni kitu kidogo, na sasa kilikuwa kimeandikwa ukutani kwa penseli ya seremala, mtu yeyote anaweza kukisoma. Nililia mbele ya wifi yangu, jambo ambalo nilikuwa nimeapa kutolifanya.

Fundi Kesho alipima kutoka sakafuni hadi kwenye ule mstari, sentimita mia moja na ishirini na tano. Hakusema neno juu ya droo safu tatu wala wanachotaka watu siku hizi. Aliandika ile namba kwenye kipande cha mbao, mara mbili. Kisha akaanza kurudisha drili na skrubu kwenye mfuko wake wa kazi. Masjala akamuuliza anakwenda wapi na kikao hakijapangwa.

"Dukani kwake," akasema. "Zile rafu za vitambaa nazishusha leo."

Mimi na wifi tulitazamana. Sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo kuhusu kazi, na dada yake, aliyezaliwa naye tumbo moja, naye hakuwahi. Masjala akafuta macho kwa tambara, akaokota gauni la kijani, akalikung'uta vumbi. Akaliweka kwenye ZIBAKI.

"Hili lipasue mbele, utie vifungo," akasema, kisha akaongeza kwamba habari ya duka bado tutaizungumza. Nikamwambia tuizungumze, ila tukiwa dukani, na mama mkwe aje, ana ulimi wa kuuza hata vitambaa.

Fundi Kesho alikuwa amefika mlangoni. Nilitazama kitanda kilichofunikwa na nguo, mifuko mitatu, vumbi la mbao mpaka kwenye mito, na kabati lililo wazi, halina bomba, halina droo, halina chochote ila mstari wa penseli. Nikamuuliza, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, haya mengine yaliyobaki atayamaliza lini.

"Kesho," akasema.