Siku Mbili Mahangu

Kwa miaka kumi na mmoja Ilunga alifundisha jiografia Butembo, na kila mwaka aliwaeleza wanafunzi theluji ya Ruwenzori kwa maneno aliyoyatoa vitabuni. Wakimuuliza, "Prof, ulishafikaka kule juu?" alijibu kwamba mwaka ujao atafika. Alikuwa mtu wa Kamina, aliyeletwa Kivu na barua ya kazi, na huko kwao nchi ni tambarare.

Likizo ya Agosti, barabara ikiwa shwari, alifunga safari kweli. Mkewe Précieuse, mshonaji, alikubali kumsindikiza. "Naenda juu yako tu," alimwambia. "Mie ile neige, theluji yako ile, hainiambie kitu."

Walipita Beni kwa pikipiki mpaka Mutwanga, na kwenye ofisi ya hifadhi wakapewa kiongozi, Mathe, mwanaume wa makamo mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza walivuka mashamba ya kahawa wakaingia msituni. Mathe aliwasimamisha akawaonyesha kinyonga mwenye pembe tatu puani. Précieuse aliruka nyuma, kisha akarudi polepole, akainama kumtazama hata Ilunga akachoka kumngoja.

Siku ya pili, kwenye mianzi, goti la Ilunga lilianza kuuma. Walipofika kibanda cha Mahangu alikuwa anavuta mguu, na kulipokucha goti lilikuwa limevimba kama kiazi cha Lubero.

Mathe alilishika, akatikisa kichwa. "Prof, mbele ni matope na mawe ya kuteleza. Ukianguka kule, kukushusha itakuwa nguvu. Hapana, siwezi kukupeleka."

"Basi tushuke wote," alisema Précieuse.

"Hapana," alisema Ilunga. "Weye uende."

"Niende nifanye nini? Si ni weye ulitaka?"

"Uende uangalie muzuri, uniletee habari."

Précieuse alimtazama sana. "Baba Shekinah, uko na hasira?"

"Hasira iko," alisema Ilunga. "Lakini uende."

Akaenda na Mathe, wakalale kibanda cha juu. Ilunga alisimama mlangoni mpaka koti jekundu la mkewe lilipomezwa na ukungu. Siku nzima alikaa akinuna. Alimsemesha Ézéchias, mzee aliyetunza kibanda na kupika, naye alijibu neno moja moja huku akimenya viazi. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulipanda. Ilunga alikuwa ameketi nje na kikombe cha chai aliposikia mkwaruzo juu ya mti wenye ndevu za kuvu. Ndege mkubwa wa kijani alikuwa anakimbia juu ya tawi kama panya, bila kuruka. Akasimama, akainamisha kichwa, halafu akafungua mabawa, na ndani yake yalikuwa mekundu kabisa. Ilunga alisahau kunywa chai.

"Anakujaka kila asubuhi," alisema Ézéchias kutoka mlangoni. "Lakini wageni banakuwaga bamekwisha kwenda."

Ilunga alicheka, mara ya kwanza tangu goti lilipomshinda.

Précieuse alirudi alasiri, matope mpaka mapajani, midomo imekauka. Hakungoja kuulizwa. Aliketi kando ya mumewe, akavua mabote, akasema, "Niliiona."

"Iko namna gani?"

"Iko kidogo. Mathe anasema zamani ilikuwa inashuka mpaka mbali. Na si nyeupe yote, chini iko bluu kidogo, kama maziwa yenye mutu ametia maji. Jua likapiga, nikalia."

"Ulilia juu ya nini?"

"Sijui. Nililia tu. Mathe akageuka, akajifanya anafunga kamba ya kiatu."

Ilunga alimwomba aanze tena, tangu walipoachana, naye akaanza tena bila kuchoka. Alipomaliza akamgonga begani. "Na weye? Uliona nini hapa?"

Akamweleza ndege. Précieuse alimtaka amwigize anavyokimbia, na Ilunga akajaribu akiwa ameketi, kwa mikono tu, hadi Ézéchias naye akacheka.

Kesho yake walianza kushuka, polepole sana. Précieuse alibeba mifuko yote miwili, akatembea mbele, akimwonyesha pa kukanyaga.