Pembe za Chini

Kiwanda chetu cha sufu kilifungwa mwezi wa Aprili. Mwezi wa Juni tukaitwa tena, wanawake sita, kuja kufumua tulichokishona wenyewe. Mnunuzi wa Melbourne alikuwa amechukua masweta yote yaliyobaki ghalani, elfu mbili na ushei, na hakutaka kuyauza kwa jina letu. Kila sweta lilikuwa na lebo shingoni, yenye kichwa cha kondoo dume na jina la mto wetu. Lebo iondoke, na sufu ibaki kama haijawahi kuguswa na sindano.

Nilikubali kwa sababu nilikikumbuka mno chumba kile cha kushonea. Nilikumbuka harufu ya sufu yenye mafuta, mashine thelathini zikipiga kelele, redio inayoimba bila msikilizaji, na Dulcie Pinchin, msimamizi wetu, akipita nyuma ya viti na kuvuta lebo kwa kucha. Ikisogea, unarudishiwa. "Funga pembe, Nola," aliniambia kila siku ya Mungu, yaani nirudie mshono kwenye pembe zote nne za lebo. "Mwenye sweta azikwe nalo, na lebo iwe bado imeshika."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husemwa. Mimi sikusikia kwa miaka ishirini na sita, na miguu yangu yote mizima. Nilifunga pembe za juu, ambazo Dulcie alizivuta, na za chini nikaziruka. Hakuwahi kunishika, nami nilijiona mjanja kuliko wote.

Sasa mashine zilikuwa zimeuzwa. Tulikaa na makoti yetu kwenye meza moja ndefu, baridi ya Tasmania ikitutafuna vidole. Dulcie naye alikuja. Alikuwa na miaka sabini na mbili na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini nani angethubutu kumwambia abaki nyumbani?

Janelle, mwakilishi wa mnunuzi, alitusomea sheria. "Sweta likitoboka, tunalitupa. Ukitoboa mawili, unakwenda nyumbani."

Kazi yenyewe inataka subira. Unakata kwa wembe mshono mmoja katika kila mitatu, kwa upande wa lebo na si wa sufu, kisha unavuta uzi taratibu kutoka upande wa pili. Ukiwa na haraka ukaing'oa lebo, inang'oka na sufu yake. Halafu unaweka kitambaa kibichi, unapiga pasi, na unasugua vitundu kwa kucha mpaka vijifunge.

Shida ilikuwa lebo alizozishona Dulcie. Watu walipopunguzwa miezi ile ya mwisho, alikuwa amerudi kwenye mashine mwenyewe, na alishona mara mbili kila upande.

"Hii kashona nani, fundi chuma?" Shirl aliuliza, ingawa alijua vizuri sana.

"Mimi," Dulcie akamjibu. "Wote mngeshona hivyo, tungekuwa tunashona mpaka leo."

Tulicheka mpaka Janelle akachungulia. Lakini Jumanne asubuhi wembe ulimteleza Dulcie kwenye lebo yake mwenyewe, na sweta likatoboka. Janelle aliandika jina lake. Dulcie aliweka mikono chini ya meza, akaikalia. Niliumia. Huyu ndiye aliyetufundisha kushika sindano sote pale mezani, na sasa sweta moja tu lingemtoa nje mbele yetu kama mwanafunzi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikileta masweta kutoka ghalani. Kuanzia siku ile nikawa nachagua. Yaliyoshonwa na Dulcie niliyachukua mimi, na kikapu chake nikakijaza yangu. Lebo zangu zilitoka kwa kuguswa tu. Dulcie akarudi kwenye mwendo, akaanza hata kumkosoa Shirl anavyoshika wembe. Siku nane zikapita bila tundu.

Alhamisi ya mwisho, wenzetu walipokwenda kuchukua chai, alibaki ameinamia sweta.

"Nola, haya yote ni ya kwako."

"Yapi?"

"Usinifanye mtoto. Nimefumua arobaini leo. Pembe za juu zimefungwa, za chini ziko wazi."

Nikaona nikiri tu. "Nilikuwa naziruka, Dulcie. Miaka yote. Nilikuwa nawahi basi la saa kumi. Samahani."

"Unaomba samahani ya nini? Wenzako nilikuwa nawavutia pembe zote nne. Muulize Shirl."

Nilimwangalia. Hakuinua macho.

"Ulikuwa na watoto wawili na mume kakukimbia," akasema. "Halafu ikawa zamu ya mama yako kuugua. Ningevuta za chini, ungelikosa basi kila siku."

Miaka ishirini na sita nilikuwa nimewasimulia watu jinsi nilivyomzunguka Dulcie Pinchin.

Alikunja sweta, akalipapasa shingo kwa kidole gumba, akaliweka juu ya mengine. Kisha akanisukumia kikapu kitupu.

"Niletee mengine yako," akasema. "Yangu yamenishinda."