Chumvi Imeruhusiwa

Alhamisi asubuhi daktari alipita wodini kama kawaida yake, macho kwenye faili, mguu mmoja tayari uko kitanda kinachofuata. "Mama, kuanzia leo mpe chochote anachopenda," alimwambia Candida. "Hata chumvi."

Candida nusura apige vigelegele. Miezi saba alikuwa akimpikia mumewe, Ansbert, bila chembe ya chumvi, kwa amri ya madaktari hao hao, maana ini lilikuwa limechoka na tumbo linajaa maji. Miezi saba mwanaume aliyezoea kubeba marobota ya mitumba alinung'unikia mtori chapwa. Leo wameruhusu! Nani angefikiria vingine?

Alikwenda Kariakoo, akachagua ndizi na nyama ya mbavu, akakimbilia nyumbani Ilala kupika. Njiani alimpigia shemeji yake. "Kasmir, anapona! Chumvi imeruhusiwa!"

Saa nane mlinzi wa getini alimzuia. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha.

"Nipige basi," Candida alisema, akapita na hotpoti yake.

Mlangoni mwa wodi nesi Anifa alimshika mkono. "Mama Nice, daktari si alikueleza?"

"Kaniambia chumvi."

Anifa alishusha pumzi. "ICU hawamchukui, mama. Ini limekwisha, mashine haziwezi kulirudisha. Tunampa dawa za kutuliza maumivu tu, asiteseke. Walikaa kikao Jumatatu."

"Jumatatu? Leo Alhamisi, dada!"

"Kwenye faili wameandika ndugu wameelewa."

Ndugu gani, wakati yeye alikuwa amelala sakafuni chini ya kitanda kile siku zote hizo? Candida alilia hapo hapo kwenye korido, watu wakimpisha. Kisha akajifuta kwa khanga, akaingia.

Ansbert alionja kijiko kimoja. Macho yake ya manjano yakafunguka. "Chumvi," alisema. "Ina maana nimepona?"

Kudanganya kulikuwa rahisi. Hospitali nzima ilishafanya hivyo.

"Hapana, baba Nice. Wanasema ini limekwisha. Wanajua tangu Jumatatu."

Ansbert alirudisha kijiko kwenye hotpoti. Tangu jana ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yanamponyoka.

"Jumatatu," alisema kwa shida, "Nice alikuja kuniaga. Anarudi chuo, Mbeya." Alimeza mate. "Nikamwambia tutaonana likizo."