Gundi Ikipita Mlango

Mama mkwe alinipa baraza lake kwa sharti moja: gundi isipite mlango wa sebuleni.

"Viti vyako, sponji zako, vumbi lako, vyote nitavumilia," alisema. "Lakini siku gundi ikipita mlango huu, utatafuta baraza la mama mwingine."

Mimi ni fundi makochi. Banda langu lilivunjwa pamoja na mengine yote ya kando ya barabara, na kochi si kitu cha kutengenezea mfukoni. Bila baraza lile ningekuwa mwanamume mzima anayekaa bure nyumbani kwa wakwe, akisubiri kuitwa mezani kama mtoto.

Siku hiyo mama alikwenda kliniki ya macho. Mvua ikaja na upepo, ikapiga barazani moja kwa moja. Nilikuwa na kiti cha mteja, nimeshakipaka gundi upande mmoja, kinasubiri kitambaa. Maji yakiigusa gundi mbichi, kazi imeharibika. Nikakibeba kiti, nikakiingiza sebuleni. Kopo la gundi lilikuwa limekaa juu yake na mimi sikuliangalia. Sina maelezo mengine.

Lilianguka katikati ya zulia, mbele ya kochi kubwa. Gundi ya manjano ikatandaa upana wa sahani. Zulia lenyewe ni la rangi ya damu ya mzee, alilinunua marehemu baba mkwe mwaka aliostaafu. Mama hulipiga brashi kila asubuhi, tena huku analisemesha.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu. Tunamwita Meneja kwa sababu hana kazi. Baraza alilitaka yeye, aweke meza ya kuchajia simu za watu.

"Ala!" alisema, akainua miguu. "Shemeji, leo umejimaliza mwenyewe. Mimi sijakugusa hata kidole."

Mke wangu akatoka jikoni. Aliangalia chini, akaniangalia mimi.

"Usiseme kitu," nikamwambia. "Zima jiko. Fungua madirisha yote. Niletee kisu cha mkate na matambara meupe."

"Kwa nini nizime jiko?"

"Kwa sababu naiyeyusha gundi kwa thina. Inashika moto haraka kuliko mama yako."

Hakucheka. Alizima.

Gundi ya aina ile haitaki kusuguliwa. Ukiisugua unaisukuma chini kwenye mizizi ya nyuzi, na huko hutaifikia tena. Niliichota kwa mgongo wa kisu, kutoka pembeni kuja katikati, nikawa nakifuta kisu kila mara. Iliyobaki niliiacha ikaanza kukauka, nikaivingirisha kwa vidole mpaka ikawa vijipira vidogo, kimoja kimoja. Mwisho nikachukua tambara, nikalitia thina kidogo, unyevu tu, nikawa nagusa na kuinua, nagusa na kuinua. Manjano yakawa yanahamia kwenye tambara. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Gundi inazoleka, ila inataka subira, na mimi nilikuwa nasikiliza geti kuliko ninavyoangalia mikono yangu.

"Anakuja kwa teksi," Meneja alisema, macho kwenye simu. "Nimempigia. Nimemuuliza tu hali yake."

"Umemwambia?" mke wangu akauliza.

"Dada, mimi mtu wa umbea?"

Alama ilikuwa imebaki hafifu, kama chai iliyomwagika ikafutwa. Mara mbili tatu hivi za tambara zingeimaliza. Hapo ndipo gari liliposimama nje na mlango wake ukabamizwa.

"Maliza!" mke wangu alisema. Kabla sijamshika mkono alikuwa ameshachukua chupa ya thina, akaimwaga yote juu ya zulia, akaanza kusugua kwa brashi.

"Acha! Mama watoto, acha!"

Aliacha, lakini alichelewa. Zulia nalo lina gundi yake mgongoni, ndiyo inayozishika nyuzi zisitoke. Thina haiulizi ipi gundi ya fundi na ipi ya kiwandani, inakula zote. Brashi ilipoinuka iliinuka na nyuzi, shungi zima, kama nywele za mgonjwa. Chini pakabaki upara wa ukubwa wa kiganja.

Mke wangu akaishika brashi kifuani.

Meneja alishuka kwenye kochi, akasogea sikioni kwangu. "Tuvute kochi mbele, lifunike. Mimi nitanyamaza. Halafu habari ya baraza tutaongea wanaume wawili."

Mlango ukafunguliwa. Mama aliingia akipapasa ukuta, amekinga macho kwa kiganja kimoja.

"Nani wapo humu? Naona ukungu mtupu. Wamenitia dawa ya macho, wanasema mpaka jioni ndiyo nitaona vizuri." Akavuta pumzi. "Mbona hapa panaungua pua?"

Meneja alikuwa ameshashika mkono wa kochi, ananipa ishara kwa kichwa. Mke wangu alikuwa ananiangalia. Kulivuta kochi kwenda mbele ni kazi ya dakika moja, na yule mama asingeona kitu. Lakini nilimtazama Meneja nikajua kwamba siku hiyo baraza lingekuwa lake, na mimi ningekuwa mtu wake wa kuitwa kwa mluzi.

"Mama," nikasema, "gundi imepita mlango."

Alisimama. Kisha akauliza, "Wapi?"

Nilimshika mkono nikampeleka. Alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya zulia polepole mpaka kikafika kwenye upara. Kikasimama hapo.

"Na hii ni nini?"

"Ni mimi, mama," mke wangu akasema. "Nilimwaga thina."

"Gundi ilikuwa yangu," nikasema. "Thina pia yangu."

"Fundi," alisema. Huniita mwanangu. Akiniita fundi najua mambo yameharibika. "Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka. Lakini lazima nilikate. Na lazima nitie gundi tena, humu humu ndani."

Meneja akaangua kicheko. "Amechoma nyumba, sasa anaomba kibiriti!"

Mama aliinuka kwa kushika goti lake. Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Sikiliza. Macho yangu yanarudi jioni. Yakirudi nitakitafuta kiraka. Nikikiona kwa macho yangu haya, kesho unahama baraza, analichukua huyu na simu zake. Nisipokiona, unabaki. Na mimi nakaa hapa hapa."

Tulisukuma kabati la vyombo. Chini yake zulia lilikuwa bado na rangi kali, nikaogopa. Nikainua ukingo wa upande wa pili wa kabati, ule uliofikiwa na jua la dirishani ukapauka kidogo, rangi ikakubali. Nikalikunja zulia nikakata kwa mgongoni, maana ukikata kwa mbele unakata na nyuzi na mshono hauwezi kujificha. Mraba mmoja pale kabatini, mraba kama huo huo pale penye upara. Wembe ulipopita, mama alikunja uso kila mara, kama anayeng'olewa jino.

"Nipe hicho kipande nikishike," alisema.

Nikampa. Alikilaza mapajani, akakipapasa huku na huku, wakati mimi natandika kipande cha turubai chini ya tundu na kulipaka gundi. Nilipokihitaji alinirudishia. Nikakipaka nacho mgongoni, nikangoja.

Gundi hii unaipaka pande zote mbili, unangoja mpaka kidole hakishiki, ndipo unaunganisha. Ukishaunganisha hakuna kurekebisha. Imeshikana, imeshikana.

"Weka basi," Meneja alisema. "Unaomba dua?"

Nilikishika kwa ncha za vidole juu ya tundu. Kitu kikanikataza. Nikapitisha kiganja juu ya zulia: nyuzi zililala kuelekea mlangoni. Nikapitisha juu ya kipande: zililala kuelekea dirishani. Ningekibandika vile, kingeng'aa kama bati juani, hata mgeni angekiona akiwa getini. Kama mama alikigeuza kwa kupapasa tu au kwa makusudi, sijui mpaka leo, na sijamuuliza.

Nikakizungusha, nikakishusha, nikakandamiza. Nikaweka juu yake mfuko wa misumari, tukalirudisha kabati mahali pake, nikakaa pembeni. Mgongo wa shati ulikuwa umelowa jasho.

Ilipofika jioni mama aliagiza taa iwashwe. Alifikicha macho, akatuangalia mmoja mmoja, akaanza. Alitembea kutoka kabatini mpaka kwenye kochi, ameinama, mikono nyuma. Alipita juu ya kiraka. Akarudi, akapita tena. Meneja alikohoa pale pale mama alipokikanyaga.

"Una kifua?" mama akamuuliza bila kugeuka.

"Hapana, mama."

"Basi meza mate, unyamaze."

Alizunguka mara nyingine. Mke wangu alikuwa ameshika ukingo wa shati langu kwa nyuma, analivuta. Kisha mama akapiga magoti, karibu sana na penyewe, akainamisha uso mpaka chini. Nikaona pua yake inatanuka. Harufu ya gundi ilikuwa bado mbichi. Pumzi moja au mbili angekipata.

"Mama," nikasema. "Ulisema macho. Hukusema pua."

Mke wangu aliliachia shati. Mtu hamwambii mama mkwe maneno kama hayo, tena akiwa amepiga magoti sebuleni kwake.

Mama akainuka, akajipangusa magoti, akasimama wima katikati ya sebule yake na kulitazama zulia lote, kona hadi kona, kwa macho tu. Akakaa kwenye kiti.

"Mvua inaingia barazani kwako," alisema. "Tafuta turubai."