Asiye na Kona

Wiki moja kabla ya harusi yake, fundi mapazia alipita kwa mwuza samaki na swali moja tu: je, samaki wake wawili wa mapambo, aina ya klauni, wangeweza kukaa tangi moja na wawili wa mama mkwe wake? Mwuza samaki alicheka mpaka akaweka wavu chini.

"Dada, fahali wawili hawakai zizi moja. Na kwa hawa, fahali ni jike. Jike ndiye mkubwa, dume ni kitu kidogo kinachomfuata nyuma. Ukichanganya jozi mbili, jike mmoja atauawa. Tia kizuizi katikati."

"Ni mwezi mmoja tu. Mwisho wa mwezi tunahamia kwetu."

"Basi huo mwezi mzima kizuizi kisitoke."

Kizuizi alikitengeneza mumewe, fundi friji, kwa kipande cha plastiki ngumu alichokitoboa matundu ili maji yapite. Alikuwa mume mwema, mtu asimsingizie. Vyumba viwili vya kupanga alikuwa keshavipata, na ufunguo alimwonyesha mkewe ndani ya sanduku lake la vifaa, chini ya spana.

"Mwezi mmoja, mke wangu," alisema. "Nikimwacha Mama ghafla atasema umeniiba."

Mama mkwe alikuwa matroni wa hospitali, sasa mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Matroni. Alimpokea mkwe wake kwa mikono miwili. Hakuwa mtu wa kupiga kelele hata kidogo, na hapo ndipo penye kazi, maana mwenye kelele unaweza kumjibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Bibi harusi alimwita jike wake Shangazi, kwa sababu alikuwa na uso wa mtu anayekaribia kukukaripia. Jike wa Matroni hakuwa na jina. Alikuwa mkubwa kuliko Shangazi, rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi, na dume wake alipomkaribia alilala ubavu na kutetemeka mwili mzima.

"Anaumwa?" aliuliza bibi harusi.

"Ana adabu," alisema Matroni. "Akitetemeka hivyo, hapigwi."

Kila Ijumaa alasiri Matroni alibadilisha maji. Alivua bangili, akapima chumvi, kisha akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuhamisha mawe.

"Samaki akishajua kona yake anapata kiburi," alieleza. "Hata wodini ndivyo nilivyofanya. Mgonjwa akizoea kitanda, anaanza kuwaamuru manesi. Nilikuwa namhamisha. Asiye na kona hana cha kupigania."

Bibi harusi alicheka, maana siku hiyo lilikuwa jambo la kuchekesha. Ila aliona kwamba mawe yaliyohamishwa ni ya upande wa Shangazi tu. Pango la yule jike mkubwa halikuguswa. Shangazi alizunguka usiku kucha akitafuta pa kulala.

Ijumaa ya pili alirudi kutoka kazini akakuta kabati lake limesogezwa nyuma ya mlango. Ijumaa ya tatu kitanda chao kilikuwa kimegeuzwa, kichwa kimeelekea ukuta wa chumba cha Matroni, na cherehani yake iko stoo chini ya magunia. Dalili ya mvua ni mawingu. Alimvuta mumewe kando.

"Nani amegusa chumba chetu?"

"Mama anapenda kupanga vitu. Usimjali."

"Mwambie aache."

"Nitamwambia."

Hapo Matroni alimwita mwanawe kutoka jikoni, kwa sauti ya chini tu. "Naam, Mama," alijibu, na bega lake la kushoto likaruka, mara mbili. Mkewe alikuwa ameshaiona ile hali mahali fulani. Alipokumbuka kuwa ni tangini, aliogopa, akaenda kukagua sanduku la vifaa. Ufunguo ulikuwepo, chini ya spana.

Ijumaa ya nne ilikuwa siku moja kabla ya kuhama. Asubuhi alifunga mabegi mawili na kuazima ndoo yenye mfuniko ya kubebea samaki. Alasiri aliporudi, kizuizi kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kikidondosha maji sakafuni.

Shangazi alikuwa kwenye kona ya juu, karibu na pampu, mapezi yamechanika kama kitambaa kilichopita kwenye sindano mbovu. Hakusogea. Dume wake alikuwa amevuka upande wa pili. Alilala ubavu mbele ya jike mkubwa, akitetemeka.

"Nilidhani wameshazoeana," alisema Matroni, akijifuta mkono kwa taulo. "Pole, mwanangu. Ndiyo maumbile yao."

Bibi harusi alikimbilia chumbani. Mabegi yalikuwa matupu. Nguo zake zilikuwa zimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, mtindo wa hospitali, ndani ya kabati ambalo halikuwa lake. Mumewe alikuwa amekaa kitandani.

"Ufunguo uko wapi?"

Mumewe alifungua sanduku, akainua spana, ingawa alijua haupo. "Mama amemrudishia mwenye nyumba. Anasema tusubiri kidogo."

"Na wewe ulisema nini?"

Mumewe alianza kuzipanga spana, kubwa kwa ndogo.

Basi, yamekwisha, alijiambia. Alinyakua begi moja, akatupia ndani nguo za kwanza alizozishika. Maneno ya kumwambia yule mama alikuwa nayo tangu Ijumaa ya pili, ameyapanga moja baada ya jingine, na leo angeyasema yote akiwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu," iliita sauti laini kutoka sebuleni. "Njoo unishikie taa, tuhamishe mawe."

Siji, alitaka kusema. Alivuta pumzi aseme.

"Abee, Mama," alijibu, na bega lake la kushoto likaruka, mara mbili.