Mafla ya Kupishana

Biasha alishuka kwenye basi la kutoka Dar pale Nangurukuru akiwa na viroba viwili vizito, akavibeba mwenyewe hadi gereji kwa Augustine. Mdogo wake, Rehani, alikuwa ameshafika. Alikuwa ameegemea gari lao, Mark X nyeusi, mikono kaikunja kifuani. Alimwona dada yake anavyolemewa upande mmoja na mzigo, hakusogea.

"Umeenda kununua bila kuniuliza," alisema kabla ya salamu.

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningekataa."

"Sasa nikuulize ili iweje?"

Augustine, fundi mwenye gereji, alitoka uvunguni mwa lori akajifuta mikono polepole. Aliwafahamu wote wawili, na alijua ugomvi wao haukuanza asubuhi ile.

Gari walilinunua pamoja, kwa pesa za ufuta wa shamba aliloacha baba yao kijijini Njinjo. Kwenye mashindano Rehani aliendesha, na Biasha alikaa kushoto kumsomea njia. Yaani kumtajia kila kona kabla hajaifikia. Mwaka jana walishindana katika shamba la mkonge lililotelekezwa huko nje ya Lindi. Kona moja ya kushoto iliwashinda, wakatumbukia kwenye mkonge. Gari lilitoka na mikwaruzo. Biasha alivunjika mfupa wa bega.

Alikuwa bado wodini Rehani alipofika nyumbani na kuwaambia mama yao, mjomba wao na wote waliokuja kutoa pole kwamba dada alichelewa kuitaja kona. Biasha alipotoka hospitali alieleza kuwa aliitaja mapema, tena mara mbili, ila gari halikuwa na mafla, kile kipunguza kelele, na Rehani hakusikia. Rehani alikuwa ameing'oa ili bomba la moshi lingurume, watu wageuke. Hakuna aliyemsadiki. Maneno ya Rehani yalishatangulia, yakawahi kuota mizizi. Wanawake wa mtaani walimwambia kwa upole kwamba mambo ya magari awaachie wanaume, na upole huo ulimuuma kuliko bega.

Tangu hapo ndugu hao waliongea kwa shida tu. Na Rehani alijua kwamba siku gari likifungwa mafla, atakuwa amekiri kuwa hakusikia.

Biasha alifungua viroba. Ndani mlikuwa na mafla mbili, moja ndefu, nyingine fupi, kila moja ina matundu mawili mbele na mawili nyuma.

"Hizi ni za kupishana," Augustine alisema, akiigonga ile fupi kwa ukucha. "Injini hii ina pistoni tatu upande huu na tatu upande ule, na kila upande una bomba lake. Humu ndani mabomba yanakatizana. Moshi wa kushoto unatokea kulia, wa kulia kushoto, na upande mmoja unauvuta mwingine. Kelele zinapungua, nguvu haipotei sana."

"Sana," Rehani alidaka. "Umesikia? Inapotea."

"Hata bomba tupu linapoteza, ukiwa mlimani na mzunguko wa injini uko chini."

"Nimekuja kufungiwa bomba jipya, fundi. Sikuja darasani."

"Gari ni langu pia," Biasha alisema. "Nusu nzima. Kama hutaki mafla, fundi anifungie nusu yangu."

Rehani alicheka puani. "Unataka gari la kubebea maharusi. Sema tu unaogopa."

"Naogopa ndiyo. Nilivunjika mimi, hukuvunjika wewe."

"Ulivunjika kwa mdomo wako mzito."

Augustine aliweka spana chini. Alisema hatagusa gari mpaka waelewane, na kwamba ana lori la watu linamngoja. Biasha alinyoosha mkono kwa mdogo wake.

"Nipe ufunguo. Leo naendesha mimi, na bomba lako hilo hilo tupu. Wewe kaa kiti changu, unisomee njia. Tukirudi bado unasema nilichelewa, nazirudisha mafla Dar."

Rehani hakuona namna ya kukataa mbele ya fundi. Alimtupia ufunguo, ukaanguka mchangani. Biasha aliuokota.

Walichukua barabara ya kwenda Masoko. Palipokuwa peupe Biasha alikanyaga mafuta, na ngurumo ikapanda kutoka sakafuni ikajaa ndani ya gari. Vioo vilitetemeka. Rehani alianza kutaja kona kwa sauti ya mzaha, kama anayemwigiza dada yake. Kona ya kwanza ilikuwa wazi, Biasha aliiona mwenyewe. Ya pili vilevile. Rehani akanyamaza, akageuka kutazama vichaka.

Ndipo alipowaona ng'ombe. Walikuwa wanatoka kwenye kichaka cha kushoto kuelekea barabarani, kundi zima, na kutoka kiti cha dereva wasingeonekana.

"Punguza," alisema.

Biasha alikuwa anatazama mbele.

"Punguza! Ng'ombe!"

Aliita tena, kwa koo lote. Aliona dada yake ametulia, mikono imeshika usukani vizuri, uso wa mtu ambaye hajaambiwa kitu. Pembe za ng'ombe wa kwanza zilikuwa zimefika ukingo wa lami. Rehani alimkamata mkono, akauvuta. Biasha alishtuka, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari liliyumba, likaserereka, likasimama mshazari katikati ya barabara. Ng'ombe walipita mbele yake mmoja mmoja. Mchungaji aliwapigia kelele za matusi, kisha akaendelea na safari yake.

Biasha alizima injini. Bega lilikuwa linamwuma pale mkanda ulipombana.

"Ulisema kitu?" aliuliza.

Rehani aliuachia mkono wa dada yake.

"Nilisema."

"Mara ngapi?"

Rehani aligeukia dirishani. Biasha alimngoja mpaka kundi lote likapotelea vichakani. Alipoona jibu haliji, aliwasha gari, akaligeuza taratibu.

Walipofika gereji, Rehani aliteremka akaenda kukaa juu ya tairi kuukuu, mgongo kawapa. Augustine hakuuliza. Aliingia uvunguni akapima kwa kamba, akatoka akasema ile ndefu ingetuliza gari zaidi, lakini ingening'inia chini, na njia ya Njinjo ingeing'oa kabla mwezi haujaisha. Fupi inaingia juu, ndani ya mfereji ulio chini ya sakafu ya gari, na matundu yake yanalingana na mabomba.

"Fupi," Biasha alisema.

Fundi alitazama kwenye tairi.

"Mfungie anayotaka," Rehani alisema bila kugeuka.

Kazi ilichukua mchana wote. Injini ilipowashwa tena ilitoa sauti nzito ya chini, na mtu aliweza kuongea kando yake bila kupaza sauti. Biasha alimwendea mdogo wake.

"Utakwenda nyumbani, umwambie mama na mjomba kwamba sikuchelewa."

"Nimekubali mafla. Unataka nini tena?"

"Jina langu, ulilolichafua."

"Yale ya leo ni ya leo. Ya Lindi siyajui."

"Unayajua. Umeyajua leo, pale ulipokuwa unapiga kelele na mimi natazama mbele kama kiziwi."

Rehani alisimama, wakawa uso kwa uso. Kwa muda Augustine alidhani atampiga. Lakini Rehani alitema mate pembeni, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Biasha alilipeleka gari Njinjo peke yake. Mama yake alimwuliza mdogo wako yuko wapi, akajibu kwamba atakuja akipenda.

Rehani alikaa Masoko kwa rafiki yake wiki kadhaa. Siku aliyokwenda Njinjo, Biasha alikuwa shambani, akipalilia chini ya mikorosho. Mama yake alimfuata huko huko, khanga imemlegea kwa mwendo.

"Rehani alikuja," alisema. "Hata chai hakunywa. Amesema mbele ya mjomba wako kwamba uliitaja ile kona, yeye ndiye hakusikia. Kisha akaondoka."

"Amesema samahani?"

"Hilo hakulisema."

Biasha aliegemea jembe. Alikuwa ameyangojea maneno hayo karibu mwaka mzima, na sasa yamekuja yakiwa mafupi, yamesemwa wakati yeye hayupo. Aliona machozi yanataka kumtoka, akakasirika.

"Namwonea huruma," mama alisema. "Msamehe, mwanangu."

"Mimi bado, mama. Lakini mwambie mashindano yanakaribia. Aje tufanye mazoezi."

Rehani alikuja. Hawakusalimiana. Alikaa kwenye usukani, Biasha akakaa kushoto, na njia nzima hapakuwa na neno ila kona. Biasha alizitaja kwa sauti ya kawaida, na kila alipotaja Rehani aliitikia kwa kuguna, kwamba amesikia.

Kwenye mashindano ya Lindi walimaliza wa tano. Mtu wa magazeti alitaka kuwapiga picha pamoja. Rehani alisogea hatua moja kumpisha dada yake mbele ya gari. Biasha alipita, akasimama upande wa pili wa boneti, na ndivyo walivyopigwa picha, boneti katikati yao.