Kofia Juu ya i

Mimi ni mshona kofia, na sioni haya kusema kwamba kazi yangu naijua. Niletee kofia iliyokaliwa na mtu mnene safari nzima, nitakurudishia kitu cha kwendea harusini. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mbele yetu pana kinyesi cha nzi, na mimi naona kofia, tutagombana tu, hata awe mwalimu mstaafu mwenye vyeti vitatu ukutani.

Lakini nisirukie huko. Kwanza mama.

Mama ana miaka themanini na moja, na kila siku hukaa karibu na dirisha la karakana yangu akishona vifungo. Mkononi huvaa saa ya kiume, kubwa kuliko kifundo chake, ya kutiwa ufunguo kila asubuhi. Ilikuwa ya baba, aliyekuwa fundi saa. Kabla hawajaoana, baba alikwenda miaka miwili kujifunza ufundi ule katika nchi ya watu wanaosema Kifaransa. Siku ya kuondoka, pale kituoni, alivua saa yake, akamwekea mama kiganjani, akapanda gari. Hakusema neno. Baba alikuwa mtu ambaye ukimwuliza habari za asubuhi, anafikiri kwanza.

Waliishi pamoja miaka arobaini na tisa, na mama hakuacha kulalamika. "Aliniachia saa kama mtu anavyomwachia jirani mwavuli," alikuwa akisema. "Ana hakika ataukuta." Tukicheka, naye anacheka, na baba anainamia saa za watu. Lakini tangu baba afariki, miaka minne sasa, mama akisema maneno yale hacheki. Mimi ni mwanawe, namjua. Alitaka kujua jambo moja tu: je, yule bwana aliwahi kuogopa, hata kidogo, kwamba angeweza kumpoteza? Na wa kumjibu hayupo.

Jumanne moja yule mwalimu mstaafu, aliyekuwa akifundisha Kifaransa, alikuja kuchukua kofia yake, ambayo ukingo wake ulikuwa umelegea. Nikawa napekua mtoto wa meza wa chini nikitafuta kitambaa cha bitana, mkono ukatoka na daftari la baba, lile alilokuwa akiandikia masomo yake ya lugha kule ugenini. Hakuna aliyewahi kulisoma nyumbani kwetu, maana Kifaransa chetu kinaishia kwenye *bonjour*.

"Hebu tusomee, Mwalimu," nikasema. Ningejua, ningefyata ulimi.

Mwalimu alikuwa amesahau miwani nyumbani. Alilinyoosha daftari mbali na uso mpaka mkono ukaishia. Ilikuwa insha fupi kuhusu siku ya safari. Alisoma, akatafsiri, gari, kituo, mvua, kisha akafika kwenye sentensi ya mwisho: *Je lui laissai ma montre, de sorte qu'elle m'attendit.*

"Nilimwachia saa yangu," akatafsiri, "hivyo akaningoja."

Sindano ya mama ikasimama. "Rudia, Mwalimu."

"Nilimwachia saa yangu, hivyo akaningoja."

"Kumbe ni saa iliyoningojesha," mama akasema polepole. "Mimi mwenyewe sikufanya kitu. Ametia ufunguo, nikangoja."

Akaivua saa, akaitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Kisha akainuka na magoti yake yale, akaigeuza picha ya baba ukutani. Baba akabaki anatazama rangi ya ukuta. Mwalimu alichukua kofia yake akatoka kinyumenyume, akiaga mara tatu.

Siku mbili mama alinuna. Alishona vifungo kwa nguvu hadi nikawahurumia wenye nguo. Chai aliikataa, redio hakuitaka. Kilichonitisha zaidi ni ukimya wa kopo, kwa sababu saa isiyotiwa ufunguo hunyamaza, na tangu nizaliwe sijawahi kukaa chumba kimoja na mama bila kusikia tiki tiki. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia Mwalimu, nikamalizia kwa kujikasirikia mwenyewe, maana mkono uliopekua ni wangu.

Alhamisi nikaliweka daftari chini ya taa ninayoshonea nyuzi nyeusi. Neno la mwisho la sentensi lilikuwa na *i*, na juu ya ile *i* palikuwa na kitu. Nilikitazama upande huu na upande ule, kisha nikampigia Mwalimu simu aje, tena na miwani.

"Kinyesi cha nzi," akasema Mwalimu baada ya kuinama.

"Mwalimu, tazama vizuri. Hiyo ni kofia."

"Daftari la zaidi ya miaka hamsini, binti yangu. Nzi wamepita."

"Nzi hawezi kukata vipande viwili akavikutanisha juu katikati. Hii imeshonwa! Wewe fundisha vitenzi, kofia niachie mimi."

Akainama tena. Safari hii akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Kama hii ni kofia," akasema, "basi nimemkosea marehemu, na mama yako nimemkosea zaidi."

"Kwa nini?"

"Wewe ukisema *akaningoja*, maana yake nini?"

"Kwamba alingoja. Imekwisha kutendeka."

"Na ukisema *ili aningoje*?"

"Hapo natamani tu. Atangoja, hatangoja, sijui."

"Basi. Sisi tunaigeuza *a* ya mwisho inakuwa *e*. Wafaransa wa vitabuni, wakisimulia ya zamani, kwa yule mtu mmoja anayesemwa wanaivisha irabu ya mwisho kofia. *Attendit*, alingoja. *Attendît*, angoje. Na yale maneno *de sorte que* yanakubali yote mawili: bila kofia ni *hivyo*, na kofia ni *ili*."

Nikamwambia anionyeshe inavyokatwa, kwa kuwa mimi kitu nisichojua kukikata sikiamini. Akachukua chaki yangu, akaandika juu ya meza ya kukatia. Unaanza na kitenzi cha wakati uliopita, ule wa kusimulia, unapomwambia mtu *wewe*: *tu parlas*, ulisema, *tu finis*, ulimaliza, *tu attendis*, ulingoja. Unakiongezea *-se*, unapata *que je parlasse, que je finisse, que j'attendisse*. Ukimwendea yeye, wa tatu, viambatisho vyote vya *s* unavikata, unabakiza irabu, unaivika kofia, unafunga na *t*: *parlât, finît, attendît*. Vitenzi vya *-er* vinakwenda na *a*. Vya *-ir* na *-re* hivi vya kawaida vinakwenda na *i*.

"Kumbe ni karatasi mbili tu za kukatia," nikasema.

"Mbili tu. Wanafunzi wangu walilia miaka thelathini na tano kwa karatasi mbili."

"Nimewasikia," ikasema sauti dirishani. Mama hakugeuka. "Mnamtungia mzee kitu cha kumfurahisha. Mwalimu juzi kasema *hivyo*, leo anasema *ili*. Kesho atasema marehemu aliandika mashairi. Sitaki kuhurumiwa. Nzi ni nzi."

Mwalimu alijikuna kisogo. Na kusema kweli mama alikuwa na haki, maana hata mimi, bila taa ile, nisingeapa.

Nikaanza kulifunua daftari upya, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta *i* nyingine ya kulinganisha. Nukta za baba zilikuwa nukta, ndogo, safi, za mtu aliyezoea skrubu zisizoonekana. Nikaendelea mpaka jalada la nyuma, na ndani ya jalada hilo, ambako mtu huandika vitu asivyotaka mwalimu wake avione, nikakuta safu ndefu ya maneno ya penseli.

"Mwalimu," nikaita. "Njoo usome huku. Kwa sauti."

Akasoma. "*Que j'attendisse. Que tu attendisses.*" Akasita. "Hapa vitabu vyote huandika *qu'il*, mwanamume. Yeye kaandika *qu'elle*."

"Elle ni nani?" mama akauliza.

"Ni yeye, mama. Mwanamke."

Kiti cha mama kikalia. Alikuwa ameinuka.

"*Qu'elle attendât*," Mwalimu akaendelea, "kakosea, kakata kwa karatasi ya *parler*, ile ya *a*, kafuta. Kisha *qu'elle attendit*, hana kofia, kafuta mara mbili, karatasi imekaribia kutoboka. Halafu *qu'elle attendît*." Akapitisha kidole kushuka chini. "*Qu'elle attendît. Qu'elle attendît.* Kaandika mara tisa, mama. Kofia zote tisa zipo. Kitenzi kina nafsi sita; nyingine tatu hakuzigusa kabisa. Hakuwa na shida nazo."

Mama alikuwa amefika mezani. Aliinama juu ya jalada lile, pua karibu iguse penseli, akazihesabu kofia moja moja kwa ncha ya sindano. Kofia ya tisa ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi imebonyea.

"Sasa isemeni sentensi yake," akasema. "Kama alivyoiandika."

"Nilimwachia saa yangu," Mwalimu akasema, "ili aningoje."

"Hakuwa na hakika."

"Hakuwa nayo hata chembe, mama."

"Aliogopa."

"Mtu asiyeogopa haandiki mara tisa."

Mama akacheka. Akacheka huku machozi yakimshuka bila kuyafuta, na mimi, ninayejidai mkali, nikajikuta nimeushika mkono wake na pua inanivuja. "Mjinga yule," akasema. "Angeniuliza tu." Akaenda akaigeuza picha, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga yake, kisha akalimwaga kopo zima la vifungo juu ya meza mpaka akaipata saa.

Aliitia ufunguo kabla hata ya kuivaa. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Na mimi nikitaka kusema *nilimngoja*? Siyo *ili*, siyo *labda*. Nilimngoja."

"*Je l'attendis*."

"Hiyo inavaa kofia?"

"Haivai, mama. Hiyo ni hakika. Ina nukta tu."

"Nipe kalamu."

Mwalimu akaiandika kwa chaki mezani, mama akainakili katika daftari, chini ya sentensi ya mwisho ya baba, herufi kwa herufi, ulimi umemtoka pembeni. Alipofika kwenye *i* akainua kalamu, akanitazama.

"Wewe fundi, simamia hapa," akasema. "Asije mtu akaona kofia."

Akaibonyeza nukta ile mpaka wino ukatokea upande wa pili.